Mtaalamu wa Mkono wa Mama

Mlango wa Mtaalamu ulikuwa na karatasi tatu, kila moja ndani ya plastiki, na kazi yake ya kwanza asubuhi ilikuwa kuchagua itakayoning'inia. Moja ilisema NIKO WODINI. Ya pili ilisema NARUDI SASA HIVI. Ya tatu ilisema NIKO SEMINA, na hiyo ndiyo iliyokuwa imechakaa kuliko zote.

Mimi na Mama tulizisoma karatasi hizo kuanzia mwezi wa nane hadi mwezi wa nne wa mwaka uliofuata, Jumanne na Alhamisi alasiri nikitoka shule, tukiwa kwenye benchi la chuma ambalo baridi ya Eldoret ilikuwa inalifikia kabla yetu. Mama alishika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayebeba kitu cha mtu mwingine asije akakidondosha. Mimi nilishika daftari hili. Huwa siongei na watu. Naandika, na Mtaalamu nimemwandika kurasa nyingi kuliko mtu mwingine yeyote, jambo ambalo hastahili.

Kazi yake ni okupesheno therapi, kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake za kila siku, na alikasirika sana ukiikosea. Watu wa benchi walimwita daktari wa masaji, daktari wa mazoezi, yule wa vidole. Kila alipowasikia alisimama katikati ya korido na kuwafundisha. "Fizio anakufanya utembee," alisema. "Mimi nakufanya utembee uende mahali." Nilipousikia msemo huo mara ya kwanza niliupenda, nikauandika hapa kwa kalamu nyekundu. Nilipousikia mara ya ishirini nilikuwa nimegundua jambo moja. Hajawahi kumwuliza mtu hapo mahali ni wapi.

Mama alikuwa na mahali. Mama ni mpishi wa shule ya wasichana, na hiyo ndiyo shule ninayosoma, nikienda na kurudi kwetu Langas kila siku. Mwezi wa sita, nikiwa Form Two, alikuwa anaepua sufuria kubwa ya uji alfajiri, mshikio ukakatika, uji ukamwagikia mkono. Uji si kama maji. Maji humwagika yakaenda, uji unakaa hapo hapo ukiendelea na kazi. Hospitali walitoa ngozi ya paja wakaibandika kwenye mkono, na ngozi iliposhika, ikaanza kujivuta. Kila wiki kidole gumba kilisogea ndani ya kiganja, kama mtoto anayejificha kwa kanga ya mamake. Mtu ambaye gumba lake limelala kiganjani hawezi kuzungusha mwiko, na mwiko wa wasichana mia sita ni mrefu kama mpini wa jembe. Madam Prinsipo alimwambia Mama kazi yake itamngoja mpaka shule ifunguliwe Januari, lakini alete barua ya hospitali inayosema mkono unaweza. Ni hiyo barua tu tuliyokuwa tunaitafuta kwenye lile benchi. Na barua ilikuwa ya Mtaalamu.

Ndani ya chumba chake, kitu cha kwanza kuona ni vyeti. Vilikuwa kumi na vinne, nimevihesabu mara nyingi kwa sababu ya kukosa la kufanya, vyote kwenye fremu, vyote vina jina lake kwa maandishi ya kujikunja. Cheti cha siku mbili cha kupima kiganja. Cheti cha siku moja cha kuongea na mgonjwa kwa upole. Cheti cha nusu siku, hiki sikudanganyi, cha namna ya kuandaa semina. Nyuma ya mlango zilining'inia kamba za beji za shingoni, za rangi zote, na chini yake mifuko ya nguo wanayogawa kwenye makongamano. Mfuko mmoja aliutumia kubebea chakula chake cha mchana. Dirisha la chumba hicho lilikuwa na kioo kilichovunjika na kuzibwa kwa katoni miezi yote tuliyokwenda, na kabati la vifaa lilikuwa na vibanio vya nguo, koni za plastiki, mpira mmoja uliopungua hewa, na fyuzi ambayo sijui ilikuwa ya nini.

Semina zilikuwa na pointi. Hilo alilieleza mwenyewe, bila kuulizwa, akimkunja Mama vidole. Usipopata pointi za kutosha kwa mwaka, leseni yako hairudi. Leseni isiporudi, wewe si mtaalamu tena, wewe ni mtu tu. Alisema "mtu tu" kwa namna ambayo Mama aliinamisha kichwa, maana sisi sote wawili tulikuwa ndio hao. Akaendelea kusema kwamba watu aliowafundisha yeye mwenyewe walikuwa wamepanda vyeo wakamwacha pale pale alipoanzia, na jioni nyingi alikuwa anakwenda kusoma digrii nyingine kule chuoni Chepkoilel, na bado serikali haimwoni. Nilijaribu kumhurumia. Nilipata kidogo, kisha akatoa simu kuangalia kama semina ya Naivasha ina chakula cha jioni, ikaniishia.

Mtu mmoja wa benchi, mama wa Chepsaita aliyekuwa akileta mtoto, alitusimulia siku Mtaalamu alipopelekwa huko kwao kufundisha wakulima namna ya kubeba vitu bila kuumiza mgongo. Alifika na projekta. Stima haikuwapo. Akangoja stima mpaka saa saba, watu wamekaa, ng'ombe hawajapewa maji, na mwisho akaamua kufundisha kwa mdomo. Akaomba mtungi wa maziwa wa lita hamsini ili aonyeshe. Akaukunjia magoti, mgongo ukiwa wima kama kwenye kitabu, akavuta. Mtungi ukabaki chini. Nyanya mmoja akamwuliza kwa upole kama amewahi kuubeba siku nyingine yoyote. Akasema kanuni ndiyo muhimu. Nyanya akauinua mtungi kwa mgongo uliopinda vibaya kabisa, akaupeleka kwa pikipiki, akarudi akakaa amsikilize. Huyo mama alicheka mpaka mtoto wake akaanza kucheka naye bila kujua sababu.

Lakini kuna kitu ambacho lazima nikiandike, maana nimejiambia daftari hili halitadanganya. Mtaalamu alikuwa na mikono mizuri. Hospitali haikuwa na ile plastiki maalum ya kutengenezea splinti, yaani kile kigumu kinachofungwa mkononi ili gumba likae nje lisijivute. Ilikuwa imeisha muda mrefu na kila mwezi waliambiwa inakuja. Kwa hiyo yeye alikwenda duka la hadwea, akanunua bomba la maji la plastiki, akalipasua kwa msumeno, akachemsha maji kwenye sufuria iliyobondeka juu ya koili ya umeme, akalitumbukiza bomba mpaka likalainika kama chapati. Akaweka kitambaa chenye maji kwenye mkono wa Mama, akalilaza juu yake, akaanza kulifinyanga kwa vidole. Hakuongea. Hakutaja cheti chochote. Kwa hizo dakika kumi hakuwa yule mtu. Mama, ambaye alikuwa hajalala vizuri tangu mwezi wa sita kwa ajili ya ule mkono, alisinzia kwenye kiti akiwa ameshikwa. Mtaalamu alipomaliza, splinti ilikaa kama ilizaliwa hapo. Kisha akaivua, akaipiga picha pande nne, akasema, "Hii naweza kupeleka kwenye kongamano," nikamjua tena.

Siku ya fomu ilikuwa mwezi wa kumi na mbili. Nilikuwa nimefunga shule kwa hiyo nilikaa ndani mwanzo hadi mwisho, na kulikuwa na msichana wa chuo aliyekuja kujifunza kazi, amesimama pembeni na koti jeupe linalomzidi. Mtaalamu alitoa fomu ya kurasa nne iliyotoka ng'ambo. Alisema hiyo ndiyo itakayoandika barua, si yeye. Yeye ni kuuliza tu.

"Mama, unaweza kutumia uma na kisu?"

Mama akaniangalia kwanza. "Kukata nini, Daktari?"

"Chakula."

"Sisi hula kwa mkono."

Akaandika sifuri. Akauliza kama Mama anaweza kuingia kwenye bafu la kulala na kutoka bila kusaidiwa. Mama hakulijua bafu hilo, akaeleza kwamba kwa ploti yetu tunaoga kwa karai, na karai analibeba mwenyewe, kwa mkono wa kushoto na kiwiko. Sifuri. Kufunga zipu ya mgongoni, Mama hana gauni la zipu, sifuri. Kupiga simu ya mezani, sifuri. Kuendesha gari, hapo Mama akacheka kidogo akidhani ni mzaha, sifuri. Swali la mwiko halikuwapo. Swali la kukata sukuma, la kuchota unga, la kuepua sufuria, hakuna.

Yule msichana wa chuo akauliza polepole kama haingewezekana, mahali pa bafu, waulize karai.

Mtaalamu aliweka kalamu chini. Alimwambia kwamba fomu hiyo imepimwa kwa miaka na watu wanaojua. "Ukibadilisha swali, hicho si kipimo tena," alisema. "Ni umbea."

Msichana akaandika neno umbea kwenye kitabu chake. Nilimwona.

Kwa hiyo barua ilitoka na muhuri, ikisema mteja anahitaji usaidizi katika shughuli nyingi za kila siku. Mama aliibeba ndani ya Biblia isijikunje. Madam Prinsipo aliisoma mara mbili. Si mtu mbaya, Madam. Alivua miwani. "Sasa, Mama," alisema, "kama hata kula unasaidiwa, nitakuweka aje kwa jiko?" Mama alitaka kujibu lakini mbele ya muhuri maneno yake yalikuwa kama hayana nguo. Aliniangalia mimi, mwenye kusoma, niliyekuwa chumbani kila sifuri ilipoandikwa.

Nilijua kila sifuri ilikotoka. Ningesema sentensi mbili. Niliangalia viatu vyangu. Muhula wa kwanza Madam akaajiri mtu mwingine, na mimi nikaenda shule kila asubuhi nikala ugali wa huyo mtu, wenye madonge, nikisikia wasichana wakilalamika na kuuliza Mama Jikoni alienda wapi. Hivyo ndivyo wanavyomwita Mama. Sijawahi kumwambia mtu darasani kwamba ni mama yangu. Zamani kwenye laini ya githeri nilikuwa nanyoosha sahani kama wengine, naye, kwa kuwa ananijua, alikuwa hataji jina langu. Ananiwekea maharagwe zaidi, basi. Namdharau Mtaalamu, lakini sitajificha nyuma yake.

Baada ya barua, mtu mwenye akili angeacha kwenda. Mama hakuacha. Aliendelea kuhamisha koni kutoka kushoto kwenda kulia, na vibanio kutoka kamba moja kwenda nyingine, nyekundu, njano, kijani. Hakuna mtu Langas nzima anayeajiriwa kuhamisha koni. Mtaalamu alikuwa amekaa pale na saa ya simu akihesabu sekunde, anasema vizuri sana mama, kwa sauti ya mtu anayesoma ujumbe mwingine.

Katika mwezi wa pili jirani yetu, Mzee wa nyumba ya pembeni, alianza kukandika nyumba yake upya. Alikuwa na pipa lililokatwa nusu, ndani udongo, maji na nyasi zilizokatwakatwa. Mama alimtazama siku mbili kutoka mlangoni. Siku ya tatu alikwenda shuleni kwa mlango wa nyuma, akaomba mwiko mmoja wa zamani uliokuwa umepasuka ncha, akarudi nao begani barabara nzima, akamwambia Mzee, "Wacha nikukorogee." Mzee akamwuliza na mkono je. Mama akasema ni kwa ajili ya huo mkono.

Siku ya kwanza mwiko ulimponyoka kila mara. Akaufunga kwa kitambaa. Gumba lilikuwa linalazimishwa kuuzunguka mti, na ngozi ilikuwa inavutwa, na alikuwa anatoa machozi bila kulia, kama anayekata vitunguu. Aliniambia siri ya ugali mwingi si kiganja, ni goti. Unausukuma kwa uzito wa mwili, mkono ni wa kuelekeza tu. "Udongo ukianza kushika," alisema, "ni sawasawa na ugali ya Form Four." Alikoroga kila asubuhi mpaka Mzee akamaliza kukandika kuta, na alipomaliza, Mama alimwomba abandue kidogo ili akoroge tena. Mzee alidhani ni utani. Nadhani haukuwa.

Alhamisi moja alikwenda na ule mwiko hospitalini. Alitaka Mtaalamu aichonge splinti kidogo ili ikubali kushika mti. Watu wa benchi walimwuliza anaenda kupikia daktari nini. Mtaalamu aliuangalia mwiko, ukiwa na udongo mkavu, kama kitu kilichoingia na mbwa.

"Mama, hiyo haiko kwenye protokali."

Akaeleza kuhusu ngozi changa, kuhusu msuguano, kuhusu vidonda, na huenda alikuwa na haki, sijui. Kisha, kwa mazoea, akatoa kile kirula chake cha kupimia pembe akakiweka kwenye gumba. Akapima. Akakitoa, akakiangalia, akapima tena. Mara ya tatu alivaa miwani. Gumba lilikuwa limetoka nje kiasi ambacho koni na vibanio havikuwa vimelitoa kwa miezi yote ile. Nje kwenye benchi mtu alikohoa. Kisha akaenda akafunga mlango, akachukua chuma cha moto cha kulehemia, akaipanua splinti mahali Mama alipoonyesha, akaijaribu kwenye mti wa mwiko, akaipanua tena kidogo, vizuri, kwa ule utulivu wake wa bomba na sufuria.

"Endelea," alimwambia Mama, akiwa hajainua kichwa. "Lakini usiseme ni mimi nimekwambia."

Mama alisema asante Daktari. Tangu hapo kila tulipokwenda Mtaalamu alipiga picha. Mkono umefunguka, mkono umefumba, mkono kwenye mwiko. Alisema ni ya rekodi.

Barua mpya hakuandika. Fomu ile ilikuwa haijabadilika, na sifuri ni sifuri. Mama alipata kazi yake bila yeye. Shule ilipofunguliwa muhula wa pili alikwenda jikoni asubuhi, akavaa aproni, akamtumia Madam ujumbe kwamba anaomba kupika ya siku hiyo tu. Madam akaja akasimama mlangoni na mikono nyuma. Mama akapika ugali wa wasichana mia sita mbele yake, goti mbele, splinti mkononi, jasho likimdondoka kwenye kidevu. Madam akaonja. Hakutaja barua. "Kesho uje mapema," alisema. Basi. Haya niliyasikia kutoka kwa Mama, maana mimi nilikuwa darasani tukifundishwa mito na mabonde.

Nilidhani Mtaalamu ameishia hapo. Lakini mwezi wa saba shule ilikuwa na siku ya kuelezwa kuhusu kazi, wageni wanakuja kutuambia tuwe nani. Alikuja wakili, akaja mwanamke wa benki, na baada ya chakula cha mchana, mlango ukafunguliwa akaingia yeye, amevaa suti ya kijivu, na beji shingoni ingawa hakukuwa na mtu mwingine mwenye beji. Nilirudi nyuma ya msichana aliyekaa mbele yangu. Hakuniona. Hata angeniona, asingenikumbuka.

Alianza na fizio anakufanya utembee. Wasichana walipiga makofi. Stima ilikuwapo. Akaonyesha picha kwa projekta, na picha ya tatu ilikuwa mkono.

Ulikuwa mkubwa kuliko ubao. Niliujua kabla sijaelewa naangalia nini. Niliijua ile ngozi ya paja yenye vimraba kama wavu, niliujua ukucha wa kidole cha kati uliokuwa na alama tangu nikiwa mdogo. Akaonyesha kabla. Akaonyesha baada, mkono umeshika mwiko. Akasema huyu alikuwa mama mmoja, mpishi, aliyekuja kwake akiwa hawezi kula bila kusaidiwa. Akasema vifaa havikuwapo, na hapo ndipo mtaalamu anajulikana. Akasema alikaa akajiuliza, huyu mama anataka kwenda wapi? Ndipo akabuni mbinu ya kukoroga udongo kwa mwiko. Mbinu hiyo aliipeleka kwenye kongamano, watu wakasimama kumpigia makofi, na mwaka huu, baada ya kukaa sana, amepandishwa cheo.

Wasichana walipiga makofi tena. Mwalimu wa zamu akauliza kama kuna swali.

Nataka kuandika kwamba nilisimama kwa ujasiri. Nilisimama kwa sababu miguu ilifanya hivyo. Sijawahi kusimama kwenye hiyo holi tangu Form One, na niliona vichwa vikigeuka, na rafiki yangu wa dawati akanivuta sketi akidhani nimekosea.

"Huyo mama anaitwa nani?" niliuliza.

Akatabasamu. Alisema ni swali zuri sana, na kwamba kwa kazi yao majina ya wagonjwa hayatajwi, ni siri, ni maadili. Makofi tena. Mtu mwingine angekaa. Mimi nilishindwa hata kukaa.

"Si kutaja," nilisema. "Wewe unalijua?"

Alifungua mdomo, akaangalia ile picha ubaoni, kama jina lingekuwa limeandikwa hapo chini. Niliona akilitafuta, akilitafuta kwelikweli. Kisha akainua mkono wake mwenyewe, akakunja gumba ndani ya kiganja.

"Lilikuwa limelala hivi," alisema, na sauti yake haikuwa ya suti. "Likaja likafika hapa. Hii ngozi ya katikati ndiyo ilikuwa inakataa." Akaonyesha mahali penyewe hasa, pale ambapo Mama huweka mafuta kila jioni. "Jina... wagonjwa ni wengi."

Wasichana walianza kucheka.

"Anaitwa Rispa," nilisema. "Udongo alikoroga mwenyewe. Wewe ulimwambia asiseme. Yuko hapo nyuma, ugali umekula ni yake." Kisha nikasema lile ambalo nilikuwa nimelificha miaka mitatu, na kulisema kukawa kugumu kuliko yote. "Ni mama yangu."

Sijui alijibu nini. Mwalimu wa zamu alisimama haraka akamshukuru mgeni kwa hotuba nzuri. Kutoka holini hadi kwenye gari lake unapita mlango wa jikoni, hatua kama kumi. Nilimwangalia kwa dirisha. Alifika usawa wa mlango, akapunguza mwendo, akaangalia saa, akaenda.

Jioni Mama alikuwa amekwisha kusikia. Alikuwa anachambua maharagwe na hakuniangalia. Alisema nimemwaibisha mgeni aliyekula chakula chake, na kwamba mtu akikukosea hulipi mbele ya watoto wa watu. Nikasema mimi ni mtoto wa watu. Akaendelea kuchambua. Baadaye akauliza, kama ambaye hataki jibu, "Na aliusema vizuri, huo mkono?" Nikamwambia aliusema vizuri.

Kesho yake kwenye laini msichana mmoja alinyoosha sahani akasema, "Mama Nekesa, niongezee." Nekesa ni mimi. Sasa wote wanamwita hivyo. Jina la Rispa halijashika bado.

Splinti ya Mama ilikuwa imepasuka tangu mwezi wa tano na alikuwa anaifunga kwa kamba ya gunia. Hakuna aliyemwambia Mtaalamu; hakuwa ameugusa mkono huo tangu mwezi wa nne. Jumanne ya wiki iliyofuata mlinzi wa lango la shule aliniita akanipa kifurushi cha gazeti, akasema mtu wa suti amekiacha, hakutaka kungoja. Ndani kulikuwa na splinti mpya, ya bomba la maji, kingo zake zimesuguliwa mpaka zikawa laini kama mdomo wa kikombe, na upande wa kiganja kuna mfereji mdogo, wa kupitisha mti wa mwiko. Hakukuwa na barua. Juu ya gazeti alikuwa ameandika kwa kalamu nene: MAMA WA MWIKO.

Nilikuwa nimelisema jina la Mama mbele ya watu mia sita.

Nilipompelekea jikoni, Mama aliivaa hapo hapo mlangoni. Nilitaka imbane. Nilitaka ipwaye, iwe ya mkono wa mtu mwingine. Ilikaa sawasawa, hata pale katikati ngozi inapokataa, na Mama alifunga macho kidogo, kama siku ile kwenye kiti. Usiku huo alilala nayo.

Gazeti aliniambia nikawashie jiko. Nimekata kile kipande chenye maandishi nikakibandika hapa. Jina lake yeye ninalijua vizuri, lilikuwa ukutani mara kumi na nne. Sijaliandika.